Hofu ya ulimi isiwafungie vijana wetu milango ya vyuo

Kila matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, magazeti yetu hujaa picha za watahiniwa waliobebwa juu juu na jamaa zao. Miezi kadhaa baadaye, nafasi za kujiunga na vyuo zinapotolewa, shangwe huwa zimetulia, na hakuna mpiga picha anayefika vijijini kutazama yanayojiri huko. Laiti angefika, yamkini angekutana na jambo lisilotajwa sana katika mijadala yetu ya elimu: kijana aliyefuzu, mwenye barua mkononi, lakini ambaye moyo wake unamwambia asiende.

Ninanena juu ya jambo ninalolifahamu. Nilizaliwa na kulelewa Githongo, Imenti ya Kati, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Wengi wasikiapo jina la Meru hufikiria miraa, ilhali zao hilo ni la ndugu zetu wa Nyambene. Sisi wa Githongo riziki yetu ni majani chai, kahawa na ng'ombe wa maziwa. Karo ya shule hungojea bonasi ya chai, na mtoto hujua kuchuma majani mawili na chipukizi kabla hajajua kuandika jina lake vyema. Katika mazingira hayo, chuo kikuu husikika kama mji wa ng'ambo: kila mtu huusifu, wachache ndio waliopata kuuona.

Si zamani sana, binti mmoja wa kijijini kwetu alikuja kuniona nilipokuwa likizoni. Alikuwa amepata gredi ya B na nafasi ya kusomea ualimu. Baba yake alikuwa amekwisha kutenga fedha za muhula wa kwanza. Hata hivyo, binti aliomba kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, akatafuta kazi ya kuuza duka huko Nkubu. Nilipomuuliza sababu, alitazama chini kwa muda, kisha akasema: "Mwalimu, nikienda huko nitazungumza vipi? Nikifungua kinywa tu, watajua nimetoka wapi." Mwaka wake wa kuahirisha unakaribia kwisha, na bado hajaamua.

Atasema mtu kwamba tatizo la vijana wetu ni karo wala si woga. Sibishani naye kuhusu karo. Najua wazazi waliouza ng'ombe wa pekee aliyekuwa zizini, na najua waliokosa hata wa kuuza. Ndiyo maana Bunge lilipitisha mwaka 1995 sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na ndiyo maana suala la ufadhili wa wanafunzi halijapata kuondoka katika vikao vya serikali tangu wakati huo. Lakini karo ina ofisi yake, ina fomu zake, na ina watu wanaoulizwa maswali ikikosekana. Hofu haina ofisi. Mwanafunzi asiye na karo atamwendea chifu, mbunge au kasisi akaeleza shida yake. Mwanafunzi mwenye hofu atamwendea nani? Aghalabu hatasema lolote. Atabuni sababu nyingine, na sisi tutaiamini.

Hofu hii inatoka wapi? Wanasaikolojia wameieleza kwa namna yao. Mnamo mwaka 1978, wataalamu wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake waliokuwa wamefaulu sana katika masomo na kazi, lakini ambao ndani ya nyoyo zao waliamini kwamba walikuwa wamewahadaa watu tu, na kwamba siku moja wangeumbuliwa. Ushahidi wa kufaulu kwao haukuwasaidia, maana kila ushindi waliuhesabu kuwa ni bahati. Mwalimu yeyote aliyefundisha kwa miaka mitano amekutana na mwanafunzi wa aina hiyo: anapata alama nzuri, kisha anasema mtihani ulikuwa rahisi.

Kwa upande wa isimu, ambayo ndiyo taaluma yangu, maelezo yako karibu zaidi na yule binti wa Githongo. Mwaka 1966 mwanaisimu William Labov alichapisha utafiti wake kuhusu Kiingereza cha wakazi wa New York. Alibaini kuwa wengi wao waliidharau lafudhi yao wenyewe, wakaamini kwamba wasemaji wazuri ni watu wa kwingine. Hali hiyo twaweza kuiita wasiwasi wa kiisimu. Fikiri, msomaji: watu wa mji ule mkubwa, wanaozungumza lugha waliyozaliwa nayo, walikuwa wakiona haya kwa namna wanavyoitamka! Sembuse kijana wa Abothuguchi anayetakiwa ajieleze kwa lugha ya tatu mbele ya wageni?

Kwetu sisi, hata hivyo, wasiwasi huo haukuja wenyewe. Ulifundishwa darasani. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukombozi wa fikra jinsi watoto wa shule waliosikika wakizungumza Kikikuyu walivyochapwa au kuvishwa kibao cha kuwatusi shingoni. Marehemu Wangari Maathai naye, katika kumbukumbu zake za mwaka 2006, alisimulia kuhusu kibao kama hicho katika shule ya bweni aliyosoma Nyeri. Aliyekutwa akisema lugha ya mama alikivaa, na ili akivue ilimbidi amnase mwenzake. Wengi wetu tuliosoma baada ya Uhuru tulikijua kibao hicho kwa majina mbalimbali. Tulijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba lugha ya nyumbani ni kosa, na kwamba njia salama kabisa ni kunyamaza.

Somo hilo la pili ndilo linalotugharimu hadi leo. Mtoto aliyezoea kunyamaza darasa la tano hunyamaza Kidato cha Pili, na akifika chuoni huketi kiti cha nyuma kabisa cha ukumbi wa mihadhara. Hajui jambo, lakini haulizi. Anajua jibu, lakini halitoi. Mhadhiri akimwona hivyo humdhania mzito wa akili, na yeye mwenyewe, kwa kuona anavyodhaniwa, huanza kuamini.

Mimi nilifanya mtihani wa KCSE mwaka 1999, na kwa kuwa siku hizo kulikuwa na msongamano wa waliofuzu, nilikaa nyumbani takriban miaka miwili kabla ya kuitwa. Katika muda huo nilichuma majani chai na kukamua ng'ombe, na kila mwezi uliopita uliniongezea shaka. Majirani waliniuliza kama kweli nilikuwa nimeitwa. Mwaka 2001 nilishuka kwenye matatu pale Tea Room, jijini Nairobi, nikiwa na sanduku la bati na anwani iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Chuo chenyewe sitakitaja. Katika wiki ya tatu, kwenye semina, niliombwa nisome aya moja kwa sauti. Neno "kitabu" nililitamka "gitabu". Chumba kizima kikacheka, na aliyekuwa akituongoza akacheka pamoja nao. Muhula wote uliosalia sikufungua kinywa changu.

Kilichonifungua ni somo la fonolojia katika mwaka wa pili. Mhadhiri mmoja, mzee mpole asiyependa maneno mengi, alituomba tuliotoka Meru tumtajie majina ya watu wa kwetu, akayaandika ubaoni kwa safu mbili. Safu ya kwanza: Kirimi, Kinoti, Karimi, Kananu. Safu ya pili: Gitonga, Gikunda, Gacheri, Gatwiri. Kisha akauliza swali moja tu: "Kwa nini hawa wanaanza na K na wale na G?"

Walimu mnaofundisha Meru fungueni daftari la mahudhurio la darasa lolote nanyi mtaona maajabu hayo. Viambishi awali ni vile vile, ki- na ka-. Lakini silabi inayofuata ikianza na t, k au ch, basi k ya mwanzo hugeuka kuwa g. Tazameni hata majina ya vituo vyetu vya Imenti ya Kati: Kariene na Gatimbi. Kiambishi ni kimoja, kimebadilika kwa sababu ya sauti inayokifuata. Kanuni hii ina jina katika vitabu vya isimu duniani kote. Huitwa Kanuni ya Dahl, kwa heshima ya mmisionari Edmund Dahl aliyeibaini miongoni mwa Wanyamwezi wa Tanzania, na mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof akaitangaza mwaka 1903. Tangu wakati huo wataalamu wameiandikia makala na tasnifu zisizo haba.

Kwa maneno mengine, ulimi uliosema "gitabu" ulikuwa ukifuata sheria. Ulikichukua kitabu cha Waswahili ukakipitisha katika kanuni ile ile iliyotoa Gitonga na Gatimbi. Kiswahili sanifu hakina kanuni hiyo, na kwa hiyo mwanafunzi hana budi kujifunza kusema "kitabu". Lakini kuna tofauti kubwa baina ya mtu anayebadilisha kanuni moja kwa nyingine na mtu aliyeambiwa kwamba hana akili. Wa kwanza ana kazi ya kufanya, na kazi hufanyika ikaisha. Wa pili amebandikwa hukumu, na hukumu haina zoezi la kuitatua.

Hapo ndipo nilipoamua kusoma isimu. Wala sikuwa wa kwanza kutoka sehemu zetu kuushika mkondo huo. Profesa Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, alikuwa amekwisha kuwasilisha tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1993, akichunguza sauti na maumbo ya maneno ya Kitharaka, lugha ya kwao. Msomi huyo huyo ndiye aliyeandika tamthilia ya Natala na ile ya Kifo Kisimani ambayo wanafunzi wa sekondari walitahiniwa. Lugha ambayo shuleni ingemvisha mtoto kibao shingoni ndiyo iliyotoa shahada ya juu kabisa katika chuo kikuu. Na kutoka Tharaka hiyo hiyo, sehemu kame kuliko Githongo yetu yenye mvua na chai, kikatoka Kiswahili cha kusomwa nchi nzima.

Vivyo hivyo kwa Wangari Maathai. Kibao cha Nyeri hakikumzuia kupanda ndege mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 20, pamoja na mamia ya vijana wengine wa Kenya waliokwenda kusoma Marekani kwa juhudi za akina Tom Mboya. Alitua katika jimbo la Kansas, mahali ambapo hakuwa na jamaa. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Sisemi kwamba kibao kilimjenga. Nasema alifika alikofika ijapokuwa alikivaa, na hatuna hesabu ya wangapi waliovaa kibao hicho wakabaki nyumbani.

Wapo wanaodhani kwamba wasiwasi wa lugha ni wa watu wa bara tu, na kwamba mtu wa pwani, aliyezaliwa ndani ya Kiswahili, amesalimika. Historia inasema vingine. Wataalamu walipokutana Mombasa mwaka 1928, lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuusimamia usanifishaji huo. Kuanzia hapo mtoto wa Mombasa aliyekua akisema Kimvita, lahaja yenye hazina ya mashairi ya karne nyingi, alianza kusahihishwa kwa wino mwekundu. Ikiwa Mmvita anasahihishwa Kiswahili, basi Mmeru asione kwamba ameonewa peke yake. Usanifu wa lugha ni mapatano ya watu kwa ajili ya kazi maalumu. Haupimi akili ya mtu, na wala haukuwahi kukusudiwa kuipima.

Pana na woga wa namna nyingine, unaowahusu walimu wenzangu. Huu ni woga wa umri. Nawajua walimu wa shule za msingi, wenye cheti na uzoefu wa miaka 20, ambao wangependa kusomea shahada wakati wa likizo lakini wanaona haya kuketi darasa moja na vijana waliowafundisha wenyewe. Kwa hao nawakumbusha Mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwezi wa Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Alivaa sare na soksi ndefu kama watoto wengine. Mwaka 2005 alisimama New York, katika Umoja wa Mataifa, kutetea elimu ya bure ya msingi. Alifariki mwaka 2009 kabla ya kumaliza masomo, lakini hakuna anayemkumbuka kwa kutomaliza. Mwalimu wa miaka 45 amwonee nani haya?

Tufanye nini basi? Kuwaambia vijana "msiogope" hakutoshi. Hofu haiondoki kwa amri. Huondoka kwa mazoezi na kwa kuona mifano.

Kwanza, tuondoe kabisa adhabu ya kuwaaibisha watoto kwa sababu ya lugha. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze na kulinda lugha za wananchi wake. Ni ajabu kwamba mtoto aadhibiwe shuleni kwa jambo linalolindwa na Katiba. Kusahihisha ni wajibu wa mwalimu. Lakini sahihisha neno, usimsahihishe mtoto. Mwache amalize hoja yake kwanza, kisha umwonyeshe matamshi ya neno hilo, na umweleze kwa nini ulimi wake uliteleza kuelekea pale. Somo hilo ni la dakika tano tu.

Pili, kila mwanafunzi wa sekondari asimame mbele ya wenzake na kueleza jambo angalau mara moja kwa wiki. Mijadala yetu huachiwa wale wale watatu wenye ndimi nyepesi, na wengine 40 wakawa wapiga makofi. Anayehitaji jukwaa zaidi ni yule anayeliogopa.

Tatu, waliotangulia warudi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliye likizoni Githongo, Mitunguu au Runyenjes ana manufaa makubwa kwa mtahiniwa kuliko mgeni wa heshima anayehutubu siku ya kutuza. Anaweza kumweleza jinsi ya kujisajili, jinsi maktaba inavyotumika, chakula cha bei nafuu kinapatikana wapi, na kwamba yeye pia alichekwa lakini bado yupo. Vyuo navyo havipo tena mbali kama zamani. Pale Meru pana Chuo Kikuu cha Methodisti, kilichoanzishwa mwaka 1997. Vyuo vikuu vya Chuka na cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vilipata hati zao mwaka 2013, na cha Embu mwaka 2016. Mwalimu anayeweza kuwapeleka wanafunzi wake kutazama mbuga za wanyama anaweza pia kuwapeleka waketi saa moja katika ukumbi wa mihadhara.

Na wewe kijana mwenye barua mkononi, nina machache ya kukuambia. Usingoje hofu ikome ndipo uanze safari, maana hofu hukoma njiani. Katika wiki ya kwanza keti viti vya mbele, hata kama moyo unadunda, kwa sababu ukishazoea nyuma ni vigumu kuhama. Uliza swali moja katika kila somo, liwe dogo au kubwa. Tafuta wenzako wawili au watatu msome pamoja, na mmoja wao asiwe wa kwenu. Ukichekwa, kumbuka kwamba anayecheka lafudhi yako naye ana yake. Binadamu asiye na lafudhi hajazaliwa. Katika miaka yangu ya kufundisha nimewaona waliokuja na Kiingereza cha kung'ara wakaanguka kwa kukosa bidii, na nimewaona waliokuja wakigugumia wakaondoka na shahada za daraja la kwanza. Lafudhi zao hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba walianza kuuliza.

Wahenga walisema, mwoga huenda kicheko, shujaa huenda kilio. Methali hiyo ina busara yake mahali penye vita. Darasani mambo ni kinyume: mwoga ndiye aliaye, tena hulia kimya kimya, miaka mingi baadaye, anapowaona rika lake wakishika nafasi ambazo naye alistahili. Nafasi ya chuo iliyotolewa kwa haki ni yako. Nenda ukaikalie.